Maswali ya Wasomaji: Hajui Hesabu, au Hajui Kiingereza?

Katika barua za mwezi huu jambo moja limeyazidi mengine: mtoto anapimwa hesabu kwa lugha ambayo bado anajifunza. Wengi wanaouliza wako Lubumbashi, ambako mtoto anaweza kusema Kiswahili nyumbani, akawa amefunzwa hesabu kwa Kifaransa, na leo ameketi katika darasa la Kiingereza. Wengine wako mpakani, ambako mambo yanakwenda kinyume. Tumechagua barua sita na kuzifupisha.

Ninafundisha mwaka wa 4 katika shule ya Kiingereza mtaa wa Golf. Nusu ya wanafunzi wangu wametoka shule za Kifaransa. Mmoja wao nikimpa 48 ÷ 6 anajibu kabla sijamaliza kuandika ubaoni, lakini hesabu za maneno hapati hata moja kati ya tano. Nitajuaje kama kinachomshinda ni hesabu au ni Kiingereza?
*Mwalimu, Lubumbashi*

Mwalimu, usikitupie Kiingereza lawama mapema. Mtoto anayekokotoa haraka na kushindwa hesabu za maneno anaweza kuwa na moja ya shida mbili, na kwa nje zinafanana. Ya kwanza ni lugha: hajui swali linasema nini. Ya pili ni hesabu yenyewe: amekariri namna ya kugawanya bila kujua kugawanya kunahitajika wakati gani, na hilo lingemshinda hata ungemuuliza kwa Kiswahili cha kwao. Karatasi mbili, moja ya namba na moja ya maneno, haziwezi kuzitenganisha shida hizo. Andaa tatu.

Ya kwanza iwe na maswali 8 ya namba tupu, mawili kwa kila tendo: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Ya pili iwe na maswali 8 ya maneno kwa Kiingereza, yenye matendo yale yale na ugumu ule ule, ila namba zibadilike. Kama ya kwanza ina 48 ÷ 6, ya pili iwe na 56 ÷ 7. Hapa walimu wengi huteleza: wanabadilisha 36 + 47 kuwa 32 + 45 na kudhani ni sawa, kumbe ya kwanza ina kubeba na ya pili haina. Ya tatu ni maswali 8 ya maneno tena, yenye namba nyingine, lakini haisomwi na mtoto. Wewe unasoma kila swali kwa sauti mara mbili, katika lugha anayoielewa vizuri zaidi, naye anaandika jibu tu. Zifanywe siku tatu tofauti ndani ya wiki moja, na kila karatasi isizidi dakika 30.

Kisha linganisha. Akipata 7, halafu 2, halafu 7, kizuizi ni Kiingereza. Akipata 7, 2 na 3, hata kwa lugha yake hajui achague tendo gani, na masomo ya ziada ya Kiingereza hayatamponya. Akipata 3, 2 na 3, kukokotoa kwenyewe bado. Kuna na yule wa 3, 2 na 7, ambaye walimu humwona mara chache kwa sababu hawatoi karatasi ya tatu: anafikiri vizuri kichwani lakini hesabu ya kuandika safu kwa safu haijamwingia. Angalia hasa watoto wanaomsaidia mama kuuza sokoni. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha matokeo ya watoto watano waliokuwa wakiuza barabarani huko Recife, Brazili. Hesabu za biashara yao walizipata karibu 98 kwa 100. Hesabu za namna ile ile zilipoandikwa kama namba tupu, walipata karibu 37 kwa 100. Tofauti ya swali moja kati ya karatasi na karatasi usiipe maana. Kuanzia maswali matatu, ifuatilie.

Ukishajua ni lugha, bado hujui anakwama wapi. Hapo yanasaidia maswali matano ya Anne Newman, mtafiti wa Australia aliyeyatoa mwaka 1977. Keti na mtoto peke yake, mpe swali alilokosa, umwambie: nisomee swali hili. Niambie linataka nini. Niambie utafanya nini ili upate jibu. Sasa fanya, huku ukinieleza. Sasa andika jibu la swali. Pale anapokwama mara ya kwanza ndipo penye shida. Yanayofuata ni matokeo tu. Dakika 8 hadi 10 zinatosha. Wewe zungumza Kiswahili au Kifaransa, karatasi pekee ndiyo ibaki Kiingereza. Na jizuie: ukitikisa kichwa anapoanza kukosea, umeshampa jibu, na kipimo kimekufa.

Hata bila mazungumzo hayo, jibu la kosa husema mengi ukichagua namba kwa makusudi. Chukua swali hili: *Each crate holds 24 bottles. A shop has 5 full crates. The shop sells 17 bottles. How many bottles are left?* Jibu ni 103. Aliyeandika 46 amejumlisha kila namba aliyoiona. Aliyeandika 12 amefanya 24 + 5 − 17: ameelewa kwamba chupa zimeuzwa, ila «each» imempita. Mwenye 137 amezidisha sawasawa kisha akaongeza 17, basi hajui «sells», na «left» labda anaijua kama mkono wa kushoto tu. Mwenye 120 ameishia njiani. Mwenye 83 je? Huyo Kiingereza chake hakina kasoro: 24 × 5 ameipata 100 kwa kusahau 2 aliyoibeba, halafu akatoa 17 vizuri kabisa. Epuka namba kama 2 na 2, ambapo kujumlisha na kuzidisha vyote vinatoa 4. Mtoto atapata jibu kwa njia mbaya na hutajua.

Direkta wetu anasema kurahisisha Kiingereza cha interogasio, yaani majaribio ya darasani, ni kupendelea. Mwenzangu naye anataka tutafsiri yote kwa Kiswahili. Tumfuate nani?
*Mwalimu wa mwaka wa 6, Kampemba*

Direkta ana haki kama kurahisisha ni kupunguza hesabu. Mkipunguza Kiingereza na kuiacha hesabu ilivyo, hajapendelewa mtu. Jamal Abedi na Carol Lord, katika kazi waliyochapisha mwaka 2001, walichukua maswali ya hesabu ya mtihani wa taifa wa Marekani wakayaandika upya kwa Kiingereza chepesi bila kugusa namba. Alama zilipanda, si kwa kiasi kikubwa, na waliofaidika zaidi ni wanaojifunza Kiingereza pamoja na walio dhaifu darasani. Wanafunzi hodari hawakuhitaji msaada huo. Kwa hiyo mpeni kila mtu karatasi hiyo nyepesi, na neno kupendelea litakosa pa kukaa.

Angalieni swali hili, la aina inayojaa kwenye vitabu: *If a trader who had purchased 36 kilograms of flour were to distribute it equally into bags capable of holding 4 kilograms, how many bags would be required?* Liandikwe hivi: *Mama Kabwe has 36 kg of flour. She puts 4 kg in each bag. How many bags does she need?* Namba ni zile zile, hatua ni ile ile moja, na mtoto bado analazimika kugundua mwenyewe kwamba ni kugawanya. Kilichoondoka ni «if», kitendo cha kutendwa, na sentensi moja ndefu iliyobeba mambo matatu. Kama mngeandika *Divide 36 by 4*, hapo mngekuwa mmeiba hesabu yenyewe, na direkta angekuwa na haki kulalamika.

Kanuni tunazoshika wakati wa kuandika ni chache. Sentensi moja, jambo moja, maneno yasizidi 10 au 12. Wakati uliopo. Namba kwa tarakimu. Swali likae mwisho, kwenye mstari wake. Vitu viwe vya hapa: meka ya unga, gunia la makala, basi la kwenda Likasi. Mtoto wa Katuba akikutana na theluji au mchezo wa besiboli, anapimwa mambo ya ugenini. Picha iwepo kama inabeba habari, kwa mfano mstatili wenye vipimo vyake. Picha ya mapambo inamchanganya, kwa sababu atatafuta ndani yake kitu ambacho hakimo.

Yapo maneno ambayo hayarahisishwi, kwa kuwa ndiyo somo: «perimeter», «fraction», «each», «equal». Hayo yafundisheni kabla, 12 hadi 15 kwa muhula, yabandikwe ukutani na yabaki pale hata siku ya mtihani. Pembeni ya kila neno andikeni neno la Kifaransa ambalo mtoto alifunzwa. Msiandike maelezo. Karatasi ya ukutani ikisema perimeter ni kujumlisha pande zote, swali la perimeter halipimi tena kitu. Misemo inayogeuza mpangilio ifanyiwe mazoezi peke yake: *5 less than 12* huwafanya watoto waandike 5 − 12, kwa sababu wanaandika kwa mfuatano wanaousikia. *Increase by 5* na *increase to 5* ni mambo mawili tofauti, na kinachoyatofautisha ni herufi mbili tu.

Sasa huyo mwenzako wa Kiswahili. Tafsiri inasaidia pale tu mtoto alipofunzwa hesabu kwa lugha hiyo. Watoto wengi wa Lubumbashi wanasema Kiswahili siku nzima lakini namba wanazitaja kwa Kifaransa, na sehemu, pembe na vipimo wamevijua kwa Kifaransa. Ukimletea mtihani wenye maneno ya vitabu vya Dar es Salaam, mzingo na kipeuo na kigawo kikubwa cha shirika, umemwekea lugha ya tatu asiyoijua. Ukisoma kwa sauti, fanya wanavyofanya watu wa hapa: kisa chote kwa Kiswahili, maneno ya hesabu kwa Kifaransa alichofunzwa. Wasafi wa lugha watakunja uso. Waache wakunje.

Mtoto wangu amemaliza mwaka wa 5 kwa Kifaransa, bulteni (karatasi ya alama) nzuri. Tumempeleka shule ya Kiingereza, wakampa mtihani wa kuingia wa saa moja, hesabu akapata 38 kwa 100. Wanataka kumrudisha mwaka wa 3. Nikubali?
*Mama wa mtoto, Ruashi*

Mama, kabla ya kukubali au kukataa, omba kuiona karatasi yenyewe, si alama tu. Hesabu maswali mangapi yana maneno zaidi ya matano na mangapi ni namba tupu, halafu angalia mtoto alikosa yapi. Akiwa amepata karibu yote ya namba na kukosa karibu yote ya maneno, ile 38 imepima kusoma Kiingereza. Angalia pia aliishia swali la ngapi. Mtoto anayesoma lugha ngeni huenda polepole, na karatasi nyingi za namna hiyo huachwa wazi nusu ya mwisho. Swali aliloacha na swali alilokosa ni vitu viwili, ingawa vyote vinaandikiwa sifuri.

Kisha omba kitu kimoja chepesi: apewe maswali 15 ya namba tupu ya programu ya mwaka wa 5. Yasikose kuzidisha tarakimu mbili kwa mbili, kugawanya kwenye baki, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kama 2/3 + 1/4, desimali, na kubadilisha vipimo, kwa mfano 3,5 kg kuwa gramu. Peleka kaye (madaftari) zake za mwaka uliopita pamoja na bulteni; kaye husema zaidi, kwa kuwa inaonyesha njia na si alama tu. Akipata 11 au zaidi, hakuna sababu ya hesabu ya kumrudisha nyuma miaka miwili. Waombe wamweke na wa umri wake, apimwe tena baada ya wiki 6.

Akipata 5, uwe tayari kusikia jambo lingine. Inawezekana ile bulteni nzuri ilikuwa ya ukarimu, na hapo ni heri kujua sasa.

Shule ikikuambia mpe miezi mitatu atakuwa anaongea, hiyo ni kweli nusu. Jim Cummins wa Kanada alionyesha tangu mwisho wa miaka ya 1970 kwamba lugha ya kuongea na wenzake na lugha ya kusomea ni vitu viwili. Ya kwanza huchukua kama miaka 2, ya pili miaka 5 hadi 7. Atacheza mpira kwa Kiingereza muda mrefu kabla hajaielewa karatasi ya hesabu, na watu watasema ni mvivu kwa sababu wanamsikia akiongea vizuri uwanjani.

Swali la mwisho la kuwauliza: wanafuata programu gani? Kama mtoto atafanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ule unaandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo maneno ya hesabu ya Kifaransa yasife. Robo saa kwa siku nyumbani inatosha, kwenye kaye zile zile za zamani.

Mimi niko Kasumbalesa, shule ya Kifaransa. Tunapokea watoto waliosoma Chililabombwe na Ndola. Makosa yao ni ya ajabu: mtoto anasoma 1,250 kama elfu moja mia mbili hamsini, na kugawanya anaandika upande mbaya. Je, ni dhaifu?
*Mwalimu wa mwaka wa 5*

Hapana, hayo si makosa ya hesabu. Ni maandishi. Kwa mapokeo ya Kiingereza, nukta ndiyo inatenga desimali na koma inatenga maelfu. Kwetu koma ni ya desimali, na maelfu tunayaachia nafasi. Kwa hiyo 1,250 ni namba mbili tofauti kabisa, na mtoto wako ameisoma sawasawa kadiri alivyofunzwa. Kugawanya nako: alifunzwa kuweka kigawanyi kushoto na jibu juu, wakati wewe unaweka kigawanyi kulia na jibu chini yake. Alama yetu ya : kwake ni ya uwiano, kugawanya anakujua kwa ÷. Hata tarakimu zinachanganya. Moja yetu yenye mkia mrefu yeye huisoma 7, kwa kuwa saba yake haina mstari katikati.

Kabla ya kumpima chochote, mpe karatasi ya dakika 10. Namba nne za kusoma kwa sauti: 3,5 na 3.5, kisha 2 400 na 2,400. Bei ya kwacha 12.50 aiandike kwa namna yetu. Agawanye 84 kwa 4 kwa njia yake, na uiache ilivyo. Akipata 21, anajua kugawanya. Njia yetu mfundishe baadaye, kwa siku mbili au tatu, ukiwa umeweka njia zote mbili ubavu kwa ubavu. Mbaya zaidi ni kumwambia ile ya kwanza ni kosa, maana ataanza kuzichanganya katikati ya hesabu moja.

Imla ya namba ifanye peke yake. Sisi tunasema septante na nonante, lakini vitabu vilivyochapwa Ufaransa vinasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Ukisema quatre-vingt-six na mtoto akaandika 4206, amesikia nne, ishirini, sita, akaziandika zote. Mwenzako wa shule ya Kiingereza ana yake: «thirteen» na «thirty», «fifteen» na «fifty», 13 ikawa 30. Ukipima kukokotoa kwa kutaja namba kwa mdomo, umepima masikio. Ziandike ubaoni.

Kwa madarasa ya juu ongeza moja: «billion» ya Kiingereza ni milioni elfu moja, yaani miliari yetu. Billion ya Kifaransa ni milioni milioni. Kwenye hesabu za bajeti au za tani za shaba tofauti hiyo ni mara 1 000.

Na usidhani kila anayetoka Zambia amefunzwa kwa Kiingereza. Mtaala wao wa 2013 uliweka lugha za wenyeji kuwa za kufundishia mpaka darasa la 4. Mtoto wa darasa la 3 aliyetoka Ndola huenda hesabu zake zote alizifanya kwa Kibemba. Ukiwa na mwalimu au mwanafunzi mkubwa anayejua Kibemba, huyo ndiye wa kusoma ile karatasi ya tatu tuliyoieleza juu.

Nina wanafunzi 64 ndani ya chumba kimoja. Hayo mazungumzo ya mtoto mmoja mmoja mnayoyasifia, nitayafanya saa ngapi? Na alama niziweke namna gani kwenye bulteni?
*Mwalimu, Katuba*

Hutayafanya kwa wote. Karatasi mbili za kwanza zipewe darasa zima. Kama hakuna fotokopi, andika maswali ubaoni na wajibu kwenye vibao au nusu ukurasa wa kaye. Ondoa wale ambao tofauti yao ni chini ya maswali matatu, ila wenye alama ndogo kwenye zote mbili wabaki. Waliobaki ndio wapewe karatasi ya tatu, kwa vikundi vya sita sita, wakati wengine wana zoezi la kunakili. Wakae mbali mbali: jibu ni namba moja tu, na namba moja hunakiliwa kwa kupepesa jicho. Wale ambao karatasi ya tatu inasema ni lugha ndio wa mazungumzo, na wawili kwa siku wakati wa mapumziko ni kazi ya kubebeka.

Usijaribu kuokoa wakati kwa maswali ya kuchagua jibu kati ya manne. Kwanza yana maneno mengi zaidi ya kusoma, kwa hiyo yanamwumiza yule yule unayetaka kumsaidia. Pili, katika maswali 20, anayebahatisha tu hupata karibu 5. Mtoto mwenye 6 hapo hajakuambia kitu.

Alama: swali la maneno lenye hatua mbili lipe pointi 4. Moja ya kuchagua matendo, moja kwa kila hatua iliyokokotolewa sawa, moja ya jibu lenye kipimo chake. Akiandika «103 bottle» bila s, au 103 chupa, mpe. Spelingi ina somo lake. Aliyechagua vizuri na kusahau kubeba hupata 3, kwa sababu jibu lake la mwisho linafuata kosa moja tu. Usimkate mara mbili. Karatasi tupu ni sifuri, hata kama unajua sababu. Pointi za huruma zinamfanya mzazi alale usingizi mpaka mwaka wa 6.

Bulteni ina nafasi moja ya hesabu, hilo hatuliwezi. Weka alama ya kawaida, lakini kwenye maoni andika sentensi yenye habari: «Namba tupu 7/8, hesabu za maneno kwa Kiingereza 2/8, kwa Kiswahili 7/8.» Mwalimu wa mwaka ujao ataitumia hiyo kuliko «ajitahidi zaidi».

Kuhusu muda, ukiwapa dakika 45 badala ya 30, wape wote. Isipokuwa kama unapima kasi yenyewe, kama kwenye meza za kuzidisha.

Kuna msichana hasemi neno tangu aanze. Maswali ya «explain» anaacha wazi. Na je, tunaweza kumruhusu atumie simu kutafsiri?
*Mwalimu wa mwaka wa 3, komini ya Kenya, Lubumbashi*

Kunyamaza miezi ya mwanzo ni kawaida kwa mtoto aliyeingia kwenye lugha mpya, na hakusemi lolote juu ya akili yake. Mpime kwa mikono. Mpe kadi za namba azipange kutoka ndogo hadi kubwa, uzi wenye 0 na 100 kwenye ncha aonyeshe 25 iko wapi, vizibo 24 avigawe kwa watu 6. Mwonyeshe hesabu mbili, moja sawa na moja yenye kosa, aelekeze kidole kwenye kosa. Hilo la mwisho linapima kueleza bila kumtaka aeleze.

Baadaye, maswali ya «explain» yampe mwanzo wa sentensi: *First I … Then I … because …* Mwezi wa kwanza kubali mchoro na mishale. Usipokee mchoro tu mwaka mzima, la sivyo hatajaribu sentensi kamwe. Kuanzia muhula wa pili dai sentensi moja pamoja na mchoro.

Simu nyumbani, sawa. Kwenye mtihani, hapana: programu za kutafsiri hufasiri neno bila kuangalia kwamba ni hesabu. «Table» inaweza kuwa meza ya kulia na «odd» ikawa kitu cha ajabu, na mtoto hana njia ya kujua kwamba simu imemdanganya. Karatasi ya maneno 15 ukutani inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na haihitaji moto wa umeme wala mega za intaneti.